Mchumi akinena dunia husikia. Sauri ikinena je?

Ukitoka Kisumu kwa njia ya Busia, ukapita Maseno na Luanda, utafika Yala kabla matatu haijamaliza kukuchosha. Karibu na mji huo, katika nchi ya Gem, ndipo kilipo Sauri. Hakina bandari, hakina kiwanda, wala hakikuzaa rais. Hata hivyo, mwaka 2005 walikuwako vijana wa Marekani waliokijua kijiji hicho kwa jina na kwa sura, ilhali Wakenya wengi wa Mombasa na Garissa hawakuwa wamekisikia kamwe. Aliyewajulisha ni mchumi mmoja, Profesa Jeffrey Sachs.

Nimekusudia leo kuizungumzia sauti ya mchumi huyo. Uchumi wake umeshajadiliwa na waliobobea, nami sitajitia katika hesabu zao zaidi ya inavyonibidi. Linalonikera ni jambo jingine. Sisi wa upande huu wa Ziwa Victoria tumezoea kujulikana duniani kwa vinywa vya wachumi, na mara nyingi tumejulikana kwa muda ule tu ambao mchumi alituhitaji kuthibitisha hoja yake.

Wachumi wengi huishi na kufa bila kujulikana nje ya vyumba vya mihadhara. Huandika katika majarida yasomwayo na wenzao, hubishana kwa fomyula, kisha hustaafu. Sachs alikwisha kutoka katika kundi hilo mapema. Alizaliwa Detroit mwaka 1954, akawa profesa kamili katika Chuo Kikuu cha Harvard kabla hajatimiza miaka 30. Mwaka 1985 aliishauri Bolivia ilipokuwa ikiangamizwa na mfumuko wa bei. Mwaka 1989 akaishauri Poland. Kisha akaenda Urusi baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika, na huko mambo hayakumwendea vyema. Mwaka 2002 alihamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuiongoza taasisi ya Earth Institute, na wakati huo huo akawa mshauri wa Kofi Annan juu ya Malengo ya Maendeleo ya Milenia.

Ndipo lilipowadia tukio la Sauri. Profesa alifika huko Julai 2004, akakutana na wanakijiji, akawauliza juu ya malaria, mbolea na shule. Mazungumzo yale aliyaandika katika kitabu chake The End of Poverty, kilichotoka mwaka 2005 na dibaji ya mwanamuziki Bono. Mwezi Machi mwaka huo jarida la Time liliichapisha sehemu ya kitabu hicho na kuliweka suala la umaskini kwenye jalada lake. Jarida lilo hilo lilikuwa limemtaja miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani mwaka 2004, likamtaja tena mwaka 2005. Mwezi Septemba ikaonyeshwa katika televisheni ya MTV filamu ya ziara yake akiandamana na mwigizaji Angelina Jolie, na Sauri ikawa mahali pao pa kutembelea. Hebu fikiria, msomaji: kijiji kilichokuwa hakina umeme kikaonekana katika sebule za Chicago na Los Angeles.

Kwa nini vyombo vya habari vilimpenda hivyo? Mimi nimekaa katika kazi ya kalamu muda wa kutosha kulijua jibu. Mhariri humtaka mtu mwenye sentensi fupi, mwenye kiasi cha fedha, mwenye mwaka wa mwisho na mwenye mahali pa kupelekwa mpiga picha. Sachs alikuwa navyo vyote vinne. Sentensi yake ilikuwa kwamba umaskini wa kufisha waweza kukomeshwa. Mwaka wake ulikuwa 2025. Kiasi chake, kwa kijiji kimoja, kilikuwa takriban dola 110 kwa kila mtu kwa mwaka, chini kidogo au zaidi kidogo, na karibu nusu yake ikitoka kwa wafadhili wa mradi. Mahali pake palikuwa Sauri. Wachumi waliosema kwamba jambo hili ni gumu, lina sababu nyingi na lahitaji kupimwa polepole, hao hawakupelekewa mpiga picha.

Katika Sauri kazi ilifanyika, na asiyekubali hilo ni mkaidi. Mradi ulianza na watu wapatao 5,000, baadaye ukapanuliwa hadi ukawafikia zaidi ya 60,000 katika vijiji jirani. Ilikuja mbolea, zikaja mbegu chotara, vikaja vyandarua, zahanati ikafunguliwa, watoto wakapata chakula cha mchana shuleni. Mahindi yaliyokuwa hayafiki tani 2 kwa hekta yakakaribia tani 5. Mwaka 2006 tajiri George Soros alitoa dola milioni 50 kwa ajili ya Vijiji vya Milenia, na Sauri ikapata ndugu katika nchi nyingine za Afrika, kutoka Ethiopia hadi Senegal.

Ila kulikuwa na habari nyingine ambayo wanahabari wa kigeni hawakuisimulia, nayo ilikuwa miguuni pao. Kabla Profesa hajafika, nchi yenyewe ya Gem, pamoja na Asembo iliyo ufuoni, ilikuwa imekwisha kuifundisha dunia juu ya chandarua. Tangu mwaka 1996 hadi 1999 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao wa Marekani walifanya huko jaribio kubwa la vyandarua vilivyotiwa dawa. Maelfu ya akina mama walikubali kuhesabiwa watoto wao, wazima na waliokufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, yakaonyesha kwamba vifo vya watoto wachanga na wadogo vilipungua. Kadhalika pale Maseno, katika miaka ya 1990, wataalamu wa udongo wa Kenya na wa shirika la ICRAF walikuwa wakiwafundisha wakulima kupanda miti midogo ya kurudisha rutuba shambani. Na katika shule ya msingi ya Bar Sauri, kama kitabu cha Profesa mwenyewe kinavyokiri, jamii ilikuwa tayari ikiwalisha mchana wanafunzi wa darasa la 8, kwa uwezo wao mdogo, kabla ya dola ya kwanza kufika. Waama, maarifa mengi yaliyotoka New York mwaka 2005 yalikuwa yamepitia hapa kwetu kwanza. Yalikwenda bila jina, yakarudi na jina.

Nisije nikaonekana mwenye husuda, nitamtendea haki Profesa katika jambo moja ambalo sauti yake ilileta kheri isiyo na shaka. Ni hicho hicho chandarua.

Katika mwaka 2004 chandarua chenye dawa Kenya kilikuwa ni bidhaa ya kununua. Kilikuwa dukani, na baadaye katika kliniki za akina mama kwa bei iliyopunguzwa hadi shilingi 50. Wataalamu wengi wa mashirika walishikilia kwamba maskini akipewa bure hataithamini neti, ataitupa au ataiuza. Sachs alilipinga wazo hilo hadharani, kwa ukali, katika kila gazeti na kila kituo kilichompa nafasi. Alisema neti zigawiwe bure, zote, mara moja. Hakuwa peke yake, na maafisa wa afya wa Kenya walikuwa na akili zao. Lakini ni vigumu mfadhili kusema hana fedha za neti wakati jambo hilo limo katika televisheni kila jioni. Mwaka 2006 serikali ya Kenya iligawa bure neti zipatazo milioni 3.4 kwa watoto chini ya miaka mitano.

Watafiti walikuwa wakifuatilia wilaya nne kwa wakati huo, mojawapo ikiwa Bondo, ufuoni kabisa mwa ziwa letu. Mwaka 2004 ni watoto 7 tu katika kila 100 waliokuwa wakilala ndani ya neti yenye dawa. Mwisho wa mwaka 2006 walikuwa 67. Na miongoni mwa watoto waliolala ndani ya neti, vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 44. Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani likaishauri dunia nzima kugawa neti bure, likiutaja mfano wa Kenya. Kuna watu leo wenye umri wa miaka 20 na ushei katika Bondo ambao wako hai kwa sababu ya ugomvi huo. Ukinitaka nichague kati ya unyenyekevu wa mtaalamu na makelele yaliyookoa watoto, sitasita.

Ni kweli pia kwamba mwaka 2008 watafiti walichapisha habari za vijiji vya wavuvi ambako neti zilikutwa zimetandazwa juani zikianikiwa omena. Habari hiyo ilipendwa sana na magazeti ya ng'ambo, kwa maana ilichekesha. Sisi hatukuona la kuchekesha. Omena ikilala mchangani huharibika, na neti iliyochakaa haikingi mbu.

Turudi kwenye ule mwaka 2005, kwani ndio mwaka ambao Afrika ilipata wasemaji wengi kuliko masikio. Mwezi Julai, viongozi wa nchi tajiri walipokuwa wakikutana Gleneagles, Uskoti, jarida la Ujerumani la Der Spiegel lilichapisha mahojiano na mchumi Mkenya, James Shikwati, mwalimu wa zamani aliyeanzisha taasisi yake jijini Nairobi mwaka 2001. Yeye alisema kinyume kabisa: kwamba misaada ikome. Alieleza jinsi mahindi ya msaada yanavyomfilisi mkulima wa jirani, na jinsi nguo kuukuu zinavyomfilisi fundi cherehani. Mahojiano yale yalienea haraka, yakatafsiriwa, yakanukuliwa na watu ambao kabla ya hapo hawakumjua Mkenya yeyote ila mwanariadha. Miaka minne baadaye Dambisa Moyo wa Zambia alifuata njia iyo hiyo kwa kitabu chake Dead Aid, naye Time ikamtia katika orodha yake.

Nawaheshimu wote wawili. Walakini, tazama jinsi jukwaa lilivyopangwa. Upande mmoja Mmarekani asemaye toeni zaidi. Upande wa pili Mwafrika asemaye msitoe kabisa. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na swali la mkulima wa Yala ambalo halikuwa la kutoa wala la kutotoa: nikivuna magunia mengi kuliko jana, nitamwuzia nani, na kwa bei gani? Swali hilo halikuwa na mvuto wa televisheni. Lilisubiri.

Aliyelijibu ni mchumi, na ajabu ni kwamba hadi leo wachache wanamjua. Mwaka 2013 Bernadette Wanjala na mwenzake Roldan Muradian walichapisha katika jarida la World Development utafiti wao juu ya Sauri. Waligundua kwamba mradi uliongeza tija ya shamba kwa takriban asilimia 70, lakini haukuongeza kwa kiasi cha kuonekana kipato cha nyumba. Mahindi yaliongezeka, fedha hazikuongezeka. Nyumba zilikula vizuri zaidi, na hilo si dogo. Ila soko halikuwa limetengenezwa la kuyapokea mavuno, na aliyelima mahindi aliendelea kulima mahindi. Nimetafuta jarida lolote kubwa la habari la Ulaya au Marekani lililoupa utafiti huo ukurasa wake wa mbele. Sikuona.

Tathmini nyingine nazo zilikuja kama zinavyokuja tathmini, polepole na kwa sauti ya chini. Mwaka 2010 Michael Clemens na Gabriel Demombynes walionyesha kwamba mengi yaliyosifiwa kuwa matunda ya mradi yalikuwa yakitokea pia nje ya Sauri. Simu za mkononi, kwa mfano, zilikuwa zikienea Nyanza nzima bila kumngoja profesa. Mei 2012 watu wa mradi walidai katika jarida la The Lancet kwamba vifo vya watoto katika vijiji vyao vilipungua mara tatu zaidi ya nchi zilimo. Mwaka huo huo wakakiri kwamba walikosea hesabu, wakaliondoa dai hilo. Mradi ulifungwa mwaka 2015. Tathmini ya mwisho ilichapishwa mwaka 2018, Sachs mwenyewe akiwa miongoni mwa waandishi, nayo ni ya haki: katika vipimo 40, vijiji vya mradi vilikuwa mbele ya vijiji vya kulinganishwa katika vipimo 30, lakini shabaha zilizowekwa zilifikiwa theluthi moja tu. Hayo ni majibu ya mtu mzima. Si ushindi, si aibu. Kufikia hapo kamera zilikuwa zimekwisha kuondoka zamani, nadhani zaidi ya miaka kumi.

Sauri si peke yake. Budalangi na Funyula, huko Busia, ndiko Michael Kremer na Edward Miguel walikowapa watoto wa shule 75 dawa za minyoo kuanzia mwaka 1998. Kremer akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na kabla ya hapo, mwaka 2015, magazeti ya Uingereza yalijaa ugomvi wa wataalamu juu ya minyoo hiyo hiyo. Rarieda ndiko Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walikopima matokeo ya kuwapa maskini fedha taslimu. Ziwa hili limewapandisha wachumi wengi ngazi. Siwalaumu, mtafiti huenda palipo na swali. Nauliza tu ngazi yenyewe ilipata nini.

Na wachumi wa kuzaliwa hapa je? Katika swali hilo kuna kisa ambacho kila nikikikumbuka hunishika kicheko na uchungu kwa pamoja.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika. Wizara iliyoutayarisha iliongozwa na Tom Mboya, mwenye asili ya kisiwa cha Rusinga. Waraka ule ulishauri kwamba fedha za maendeleo ziwekwe kule zitakakozalisha zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Wengi wetu twaamini kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyoyaacha nyuma maeneo mengi ya nchi hii kwa miongo mingi. Mwezi Julai mwaka huo huo, katika jarida la East Africa Journal, mchumi kijana aliyekuwa amerudi karibuni kutoka Harvard aliuchambua waraka huo chini ya kichwa kuhusu matatizo yanayoukabili ujamaa wetu. Alihoji kwa nini mali kubwa ya nchi ibaki mikononi mwa wageni. Alipendelea ushirika badala ya kila mtu kugawiwa hati yake ya ardhi. Alikuwa mtu wa Kogelo, si mbali na Yala, aliyesomea Maseno. Jina lake Barack Obama.

Mabishano makubwa ya uchumi ya Kenya huru, basi, yalikuwa kati ya watu wawili wa ziwa moja. Hakuna chombo cha habari cha kimataifa kilichojali. Mboya aliuawa mwaka 1969. Obama alikufa katika ajali ya gari Nairobi mwaka 1982, makala yake ikiwa imelala katika maktaba. Ililala miaka 43. Aprili 2008 gazeti la Marekani la Politico likaiibua, kwa kuwa mwanawe alikuwa akigombea urais; na Septemba 2010 jarida la Forbes likaitumia kwenye makala yake kuu kudai kwamba Rais wa Marekani amerithi chuki ya baba yake dhidi ya ukoloni. Ghafla mchumi wa Kogelo akasomwa na mamilioni. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa amesema kweli juu ya Nyanza. Walitaka kujua tu amemwambukiza nini mtoto.

Nami nisiwatupie wageni lawama yote. Sachs alipojitokeza Machi 2012 kutaka urais wa Benki ya Dunia, kwa makala katika The Washington Post, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizomwunga mkono, kabla hajajiondoa mwezi huo huo na kumwachia Jim Yong Kim. Serikali yetu ilimjua kwa sababu ya sauti yake. Sina habari kama serikali iyo hiyo iliwahi kumwita mtafiti mmoja wa Kikenya aliyeihesabu Sauri, ikamketisha chini, ikamwuliza: mahindi yaliongezeka, fedha zilikwenda wapi? Nasi wanahabari wa Kenya, tulipotaka kuandika juu ya Sauri, aghalabu tulichukua taarifa kutoka mashirika ya habari ya London na New York, ilhali nauli ya Yala ilikuwa mfukoni.

Nilipita huko si zamani. Kituoni Yala niliketi kando ya mzee mmoja aliyekuwa akingoja gari la Siaya, na mazungumzo yakatufikisha kwenye miaka ile.

"Jaduong'," nikamwuliza, "mradi uliwasaidia?"

"Ulitusaidia, mwanangu. Neti ninayo hadi leo, ingawa si ile. Mwaka wa kwanza ghala lilijaa hadi panya wakanona." Akanyamaza kidogo. "Wote tulijaza siku moja. Mchuuzi akaja na bei yake."

Kisha akataka kujua habari za Profesa, kama yu hai bado na siku hizi asema nini. Nikamwambia yu hai, na kwamba tangu mwaka 2022 husikika sana akizungumzia vita vya Urusi na Ukraine.

"Huko nako wanalima mahindi?"

"Wanalima, Jaduong'. Mengi sana."

Aliliwaza neno hilo, akaokota mfuko wake, akaenda kutazama kama gari limejaa.